Kupanga matabaka katika faili la mchoro wa vioo vya rangi

Anayeanza kuchora dirisha la vioo vya rangi kwa kompyuta huelekea kurundika kila kitu katika tabaka moja, yaani kama karatasi moja angavu kati ya zile ambazo programu ya kuchora huzipanga moja juu ya nyingine: picha aliyoifuatisha, mistari, rangi na namba za vipande. Kwenye skrini hakuna kasoro inayoonekana. Taabu huanza mezani, ukiwa umeshika kikata kioo, usijue kama mstari unaoutazama ni wa kukata au ni mkunjo wa ua uliosalia kwenye picha.

Tabaka la mistari ndilo la kushughulikiwa kwanza, kwa kuwa unene wa mstari hapa si urembo bali ni nafasi halisi itakayoachwa kati ya kioo na kioo. Vipande vya kioo huunganishwa kwa ukanda wa madini ya risasi au kwa utepe wa shaba unaozungushwa kwenye kingo. Ukuta wa katikati wa ukanda wa risasi wenye umbo la H huchukua takriban milimita 1.75, ilhali kwa utepe wa shaba milimita 0.8 hutosha. Mistari yote ya ndani ikae katika tabaka hilo peke yake, ili ukibadili njia ya kuunganisha uichague yote kwa mkupuo. Mimi niliwahi kuitawanya, mashina ya maua huku, mandhari ya nyuma kule, na nilipohama kutoka utepe kwenda risasi nikabadili mashina tu. Upande mmoja ulibaki na viungo 11 vyenye unene wa zamani, kila kimoja kikaongeza milimita 0.95, paneli ikazidi fremu kwa sentimita moja, nami nikashinda kutwa nzima nikisaga kingo za vioo vilivyokwisha kukatwa.

Rangi zikae chini ya mistari, zikiingia kidogo ndani yake ili weupe usichungulie, na maumbo yake yasiwe na mstari wa pembeni, kwani mashine ya kukatia itausoma kama njia ya pili na kupita mahali palepale mara mbili. Picha ya kufuatisha ni ya chini kabisa; ififishe, ifunge, na uifute kabla ya kumkabidhi mtu faili.

Namba zina tabaka lake kwa sababu mteja hapendi kuziona, ilhali fundi anazihitaji katika nakala zote mbili, ile inayokatwakatwa kuwa vielelezo vya kufuatisha wakati wa kukata kioo na ile inayobaki mezani ya kupangia vipande. Mishale ya kuonyesha mwelekeo wa michirizi ya kioo wengine huitenga. Mimi huiweka pamoja na namba, maana sijawahi kuhitaji kimoja bila kingine. Mafundi wa Girona, huko Catalonia, katika karne ya 14 walichora mistari na alama za rangi juu ya meza moja iliyopakwa chokaa, kisha wakachora dirisha jingine juu ya lile la kwanza. Meza hizo zimesalia hadi leo, na kuisoma michoro yake iliyopandana ni kazi ya wataalamu.

Mwisho ni mpaka wa fremu, katika tabaka lililofungwa muda wote ili lisisogezwe kwa bahati mbaya. Humo chora pia mraba wa milimita 100 kila upande. Ukishachapa kwa asilimia 100, upime kwa rula ya chuma, pande zote mbili. Ukisoma 97, usikate chochote. Rudi kwenye mipangilio ya printa.