Kutambua Mtengenezaji wa Gololi ya Kale ya Kioo: Ushauri kwa Anayeanza

Anayeanza kukusanya gololi za kale za kioo huuliza mapema sana ni nani aliyetengeneza hii aliyo nayo mkononi, naye hutarajia kutajiwa jina. Kwa gololi zilizofinyangwa kwa mkono kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, jina hilo kwa kawaida halipatikani, kwa sababu mafundi hawakuzitia saini wala karakana hazikuzipiga chapa. Kinachopatikana ni namna ilivyotengenezwa, mahali ilikotoka na kipindi chake, na ningekusihi uyatafute hayo matatu kwa mpangilio huo, kwa maana anayeanza na jina huishia kuulazimisha ushahidi ulifuate.

Jambo la kwanza kutazama ni kovu. Shika gololi chini ya mwanga mkali, ukiwa na lenzi ya mkono, uizungushe polepole hadi uone mahali ilipokatwa kutoka kwenye fimbo ya kioo iliyolainishwa kwa moto. Pale patakuwa na ukwaruzo, au uso mdogo bapa uliosagwa, au mkunjo ulioyeyushwa tena ili usimkere mchezaji. Huko Lauscha, mji wa mafundi wa kioo katika milima ya Thuringia nchini Ujerumani, ndiko ulikobuniwa katika miaka ya 1840 mkasi wa pekee wenye kikombe upande mmoja na makali upande wa pili. Fundi aliingiza ncha ya fimbo kwenye kikombe, akaizungusha hadi ikawa duara, kisha akaikata na kuendelea na nyingine. Kwa kuwa fimbo moja ilitoa gololi kadhaa mfululizo, gololi ya aina hii huwa na makovu mawili yanayoelekeana, na nyuzi za rangi zilizo ndani yake husokotwa kutoka kovu moja hadi jingine. Ukiyaona makovu hayo pamoja na nyuzi zinazoyafikia, umekwisha kupata sehemu kubwa ya jibu: ni kazi ya Ujerumani, na yaelekea sana ni ya Lauscha au vijiji vya jirani.

Zipo pia zenye kovu moja, zilizofanywa mojamoja kwenye ncha ya chuma. Miongoni mwake ni sulfaidi, yaani gololi angavu zenye kisanamu cha mnyama au mtu ndani, ambacho hung'aa kama fedha kutokana na utando mwembamba wa hewa uliokizunguka. Hizi nazo kwa sehemu kubwa ni za Ujerumani.

Sasa nije kwenye kosa ambalo hunisikitisha kuliko yote, nalo ni la kulichukua jina la mtindo kana kwamba ni jina la mtengenezaji. Mfano wake mkubwa ni gololi zinazoitwa Lutz, zenye vumbi la rangi ya dhahabu linalometameta, ambalo kwa kweli ni fuwele za shaba ndani ya kioo, ufundi uliojulikana zamani huko Murano, kisiwa cha mafundi wa kioo karibu na Venisi nchini Italia. Zilipewa jina la Nicholas Lutz, fundi mzaliwa wa Ufaransa aliyefanya kazi katika kampuni ya kioo ya Boston and Sandwich huko Massachusetts, Marekani, katika karne ya 19, na kwa muda mrefu wakusanyaji waliamini kwamba alizitengeneza yeye. Lakini zitazame zenyewe: makovu ni mawili, na ujenzi wake ni uleule wa gololi za msokoto za Thuringia. Ushahidi kwamba ziliwahi kutoka mikononi mwa Lutz haupo. Endelea kulitumia jina hilo kwa ajili ya mtindo, kwa sababu wanunuzi wanalielewa, ila usiandike kamwe kwamba alizitengeneza yeye, kwani ukifanya hivyo unawanyang'anya kazi yao mafundi wa Ujerumani ambao hawakupata hata nafasi ya kujulikana.

Marekani ina sura yake. James Harvey Leighton alitengeneza gololi za kioo Akron na Navarre, katika jimbo la Ohio, na mwaka 1891 alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, ya kifaa cha kuzitengenezea. Jina lake siku hizi hubandikwa kwa wepesi kwenye gololi yoyote yenye kovu moja na kioo kizito chenye rangi zilizochanganyika, na hapo ni lazima uombe ushahidi zaidi, hasa ulinganifu na vipande vilivyofukuliwa mahali palipokuwa na karakana. Martin Christensen wa Akron ni rahisi zaidi kumtambua. Mashine yake ilipata hataza mwaka 1905, na kampuni yake ilifanya kazi hadi 1917. Kioo kilichotwa bado kwa mkono na kukatwa kwa mkasi, ila magurudumu yenye mfereji ndiyo yaliyokiviringisha. Kwa sababu hiyo gololi zake nyingi huonyesha msokoto unaofanana na tarakimu 9 kwenye ncha moja na mkia kwenye ncha ya pili. Hapa ni mahali pachache ambapo jina linaweza kutamkwa kwa ujasiri.

Kisanduku cha awali husaidia, mradi ukihoji. Sheria ya ushuru ya McKinley ya mwaka 1890 iliitaka bidhaa iingiayo Marekani ionyeshe nchi ilikotoka, na kwa gololi jina hilo liliwekwa kwenye kisanduku au mfuko. Hata hivyo, visanduku hujazwa upya na wauzaji. Angalia kama gololi zote zinalingana kwa ukubwa na kama zinakaa sawasawa katika nafasi zake. Taa ya miale ya urujuanimno nayo itaonyesha kioo chenye urani kiking'aa kijani, lakini haikutajii mtengenezaji.

Usikubali kupiga msasa gololi iliyochubuka, hata muuzaji akikuhakikishia kwamba itapendeza zaidi, kwa kuwa msasa huondoa kovu pamoja na habari zote nilizozieleza. Ujihadhari vilevile na kazi mpya za mafundi wa sasa, ambao wengine hutengeneza misokoto mizuri ya mtindo wa Kijerumani: tafuta saini karibu na kovu, na uone kama uso wa gololi una vijialama vya mwezi mwandamo vinavyotokana na kugongana michezoni.

Kwenye kadi ya kila gololi, andika kwanza ulichokiona kwa macho yako: kipimo, idadi ya makovu, rangi, aina ya kiini, yaani nyuzi au umbo lililo katikati. Chini yake andika hitimisho, kwa mfano "Ujerumani, yaelekea eneo la Lauscha, kabla ya 1914", na neno "yaelekea" lisiondolewe hadi upatikane ushahidi wa kuliondoa. Aliyokusimulia muuzaji yaandikwe upande wa nyuma, pamoja na tarehe uliyoyasikia.