Binti wa kazi ametoroka, yuko kwangu: nimpeleke wapi?

SWALI: Mimi ni mama lishe, nina kibanda karibu na stendi ya Nyamhongolo hapa Mwanza. Juzi usiku alinijia binti anayesema ana miaka 13, katoroka kwenye nyumba aliyokuwa anafanya kazi. Aliletwa kutoka Ukerewe na mama mmoja anayefahamika kijijini kwao, aliyemwahidi mama yake kwamba mtoto atasomeshwa mjini. Shule hajaiona. Alikuwa analala jikoni, na mshahara anapokea huyo mama aliyemleta. Nimemlaza kwangu. Majirani wengine wanasema nimpe nauli arudi Nansio, wengine wananitisha kwamba nitashtakiwa kwa kuiba mtoto wa watu. Nifanye nini, na kuna mahali wanapopokea watoto kama huyu?

JIBU: Dada yangu, nauli usimpe. Najua majirani wanakushauri kwa huruma, lakini basi la kurudi Nansio litamfikisha mikononi mwa walewale. Aliyemleta mjini anakijua kijiji, anamjua mama mtu, na pale stendi huenda ana macho yake. Mtoto akirudishwa kimyakimya hivyo, bila mtu kwenda kuangalia kwanza nyumbani kukoje, ni rahisi sana siku njaa ikibana asafirishwe tena, safari hii Geita au Musoma, kwa mwajiri mwingine. Na akishaondoka, kesi nayo imeondoka.

Hofu ya kushtakiwa iondoe kwa kutoa taarifa leo hii. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Kumpa mtoto chakula na pa kulala si kosa. Kukaa naye siku nyingi bila kumwambia mtu yeyote ndiko kunakoweza kukuletea maneno. Kwa hiyo ukimaliza kusoma hapa, piga 116. Ni Huduma ya Simu kwa Mtoto, hailipiwi, hata simu isiyo na salio inapiga. Watakuuliza mtoto yuko wapi na yuko katika hali gani, kisha watakuunganisha na ustawi wa jamii wa halmashauri husika. Kwako wewe uliye Nyamhongolo, hiyo ni Manispaa ya Ilemela. Angekuwa yuko Igoma au Mkuyuni ingekuwa Jiji la Mwanza. Watu hupoteza siku nzima kwa kwenda ofisi ambayo si yao.

Mwenyekiti wa mtaa mjulishe, ila mwambie mapema kwamba hukuja kusuluhishwa. Nalisema hili kwa ukali kidogo kwa sababu naijua ile kauli ya "haya mambo yaishe kifamilia". Mwajiri anaitwa, anatoa shilingi kadhaa mezani, anaomba radhi, mtoto anakabidhiwa kwa "mama" yake wa mjini, na karatasi inasainiwa. Suala la mtoto aliyesafirishwa halimalizwi barazani kwa mwenyekiti.

Kituoni polisi usianze kusimulia kaunta, mbele ya waliokuja kudhamini ndugu zao. Sema tu: nina shauri la mtoto, naomba Dawati la Jinsia na Watoto. Hapo mtapewa chumba cha faragha. Kabla hujatoka, hakikisha taarifa imefunguliwa na umepewa namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako katika kitabu cha polisi. Iandike mahali ambapo haitapotea, maana kila ofisi utakayokwenda baadaye itakuuliza.

Sasa afya, na hapa saa zinakimbia. Umesema juzi usiku. Kama kuna dalili yoyote kwamba mtoto ameingiliwa, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na kadiri anavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi. Mpeleke hospitali, iwe Sekou Toure au kituo cha afya kilicho karibu, na uchukue PF3 polisi, ile fomu ya polisi inayojazwa na daktari. Lakini akiwa anatoka damu au ana hali mbaya, hospitali kwanza, fomu itafuata. Nguo alizokuja nazo usizifue. Ziweke kwenye mfuko wa karatasi, ule wa kaki unaofungia maandazi unatosha, usitumie wa nailoni kwa sababu unyevu ukibaki ndani ushahidi huharibika.

Swali ambalo hukuuliza, ila najua linakusumbua, ni nini cha kumuuliza. Muulize machache: anaitwa nani, kijiji gani, anaumwa wapi, nani anamwogopa. Basi. Akianza kusimulia mwenyewe, msikilize, na akishalala andika maneno yake kama alivyoyasema, bila kuyanyoosha. Akisema "yule mama wa duka la kona" andika hivyohivyo, hata kama wewe unamjua kwa jina. Usimsimulishe upya kila jirani anapoingia. Mtoto aliyehojiwa na watu wengi huanza kuchanganya siku na majina, na wakili wa upande wa pili hulisubiri hilo kwa hamu. Picha yake kwenye magrupu ya WhatsApp, hapana kabisa, hata kwa nia ya kutafuta ndugu.

Jiandae pia kwa mambo mawili. La kwanza, binti mwenyewe anaweza kukuomba umrudishe kwa mwajiri, pengine kwa sababu begi lake limebaki kule, labda lina sare aliyonunuliwa na mama yake akidhani anakwenda shule. Usilifuate wewe, polisi ndio wa kulichukua. La pili, mwajiri akijua alipo atakuja akisema kaiba simu au hela. Ni tuhuma inayotoka haraka sana mdomoni mwa waajiri wa namna hii. Mjibu kwamba akatoe malalamiko yake kituoni, na mtoto usimkabidhi kwake wala kwa aliyemleta, hata wakija na barua.

Watakuambia vilevile kwamba mama mzazi aliridhia. Huenda ni kweli, na huenda naye alidanganywa. Kisheria haibadilishi kitu: chini ya Sheria ya Kuzuia Biashara Haramu ya Usafirishaji wa Binadamu ya mwaka 2008, anayemsafirisha au kumpokea mtoto kwa ajili ya kumnyonya hawezi kujitetea kwa ridhaa ya mtoto, ya mzazi wala ya mlezi. Wala haihitajiki kuwepo pingu au mlango wa kufuli ndipo iitwe biashara haramu. Zaidi ya hapo, umri wa chini wa kuajiriwa ni miaka 14, hata kwa kazi nyepesi.

Mahali pa kumpokea papo. Shirika la WoteSawa, hapahapa Mwanza, linashughulika na watoto wafanyakazi wa ndani na lina nyumba salama. Usishangae ukinyimwa maelekezo ya ilipo: nyumba ya namna hiyo inafaa kwa sababu dalali haijui. Mtoto anaingia kwa kupitia afisa ustawi wa jamii au polisi. Nafasi ikikosekana, afisa ustawi anaweza kumweka kwa mtu wa kuaminika, yaani familia iliyochunguzwa na kupewa mafunzo kwa kazi hiyo. Angekuwa mvulana aliyetoroka kambi ya dagaa akaishia kulala stendi, ningekutajia Railway Children Africa, wanaofanya kazi na watoto wa mitaani mjini hapa.

Kurudi Ukerewe kunaweza kuja, ila kwa utaratibu. Afisa wa Ilemela huwasiliana na mwenzake wa Ukerewe, yule anakwenda hadi nyumbani, anaangalia nani yupo, wanakula nini, na kama mama alihusika au alilaghaiwa. Nyumba ikiwa salama, anarudishwa na kufuatiliwa. Ikiwa sivyo, anatafutiwa ndugu mwingine. Kama ameacha masomo muda mrefu, waulize kuhusu MEMKWA, mpango wa waliokosa elimu ya msingi, badala ya kumrudisha darasa moja na watoto wadogo wa kumcheka. Kuhusu mshahara aliodhulumiwa na fidia, Kivulini, shirika la haki za wanawake la hapa Mwanza, wana uzoefu wa msaada wa kisheria, na wasaidizi wa kisheria hawatozi ada.

Kazi yako ikishafika hapo imepungua, lakini haijaisha, kwani utahitajika kama shahidi. Baada ya wiki moja nenda ustawi na ile namba ya RB, uliza shauri limefika wapi na nani amekabidhiwa. Ukijibiwa "njoo kesho" mara mbili, panda ofisi ya afisa ustawi wa jamii wa mkoa, na upige tena 116 uwaambie kwamba taarifa yako ya awali haijashughulikiwa.