Siri ya ploti wanaijua wenzake wa mchezoni, mimi mkewe sijui

Barua hii imetoka Malaba, upande wetu wa Uganda kwenye mpaka na Kenya. Nimeifupisha, ila maneno ni yake mwenyewe.

"Shangazi, nakusalimu. Nina miaka 33, watoto wawili, na mume anayefanya klaringi, kupitisha mizigo ya watu forodhani, hapa mpakani. Halewi, hanipigi, na mwisho wa mwezi chakula kipo. Kinachonisumbua ni mchezo wa kompyuta unaoitwa Warframe. Watoto wakilala tu, anavaa hedfoni na kuingia kupigana huko angani na wenzake watatu: mmoja wa Mwanza, mmoja wa Eldoret, na mwanamke wa Mombasa. Nikimwita anasema hawezi kutoka, eti yeye ndiye hosti. Nimewahi kuficha rauta, tukagombana vibaya. Hayo ningeyameza. Lakini mwezi uliopita niliamka usiku kumpa mtoto maji, nikamsikia akiwaambia wenzake: 'SACCO wamenipa hadi mwisho wa mwezi ujao, nisipolipa ploti inaenda.' Shangazi, mimi sijui mkopo wowote. Ploti ninayoijua ni hii tuliyojenga. Nikarudi kitandani nikajifanya nimelala. Watu ambao hajawahi hata kuwashika mkono wanajua siri ya nyumba yangu, na mimi ninayelala naye sijui. Nataka kuipeleka hiyo kompyuta kwa kaka yake, au niite wazee. Nishauri. Mama wa Wawili, Malaba."

Mwanangu, kompyuta iache hapo hapo ilipo. Umeniandikia mengi juu ya mchezo na kidogo sana juu ya ploti, na mimi nimeisoma barua yako kinyume, kuanzia chini kwenda juu. Ulimsikia mwezi uliopita akisema "mwisho wa mwezi ujao". Huo mwezi ujao wake ndio huu tulio nao. Kwa hiyo hatuna muda wa kuvutana juu ya rauta.

Tuanze na sheria. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998, pamoja na marekebisho yaliyofuata, inasema ardhi ya familia, yaani pale mnapoishi na kupatia riziki, haiuzwi wala haiwekwi dhamana bila mwenzi kukubali kwa maandishi. Sheria ya Rehani ya 2009 nayo inataka ridhaa hiyo kwa nyumba ya ndoa. Kwa hiyo kama ploti inayotajwa ni hiyo mliyojenga, mahali fulani kuna karatasi inayodai kwamba wewe ulikubali. Labda ulitia sahihi ukiwa jikoni, mkono una unga, ukaambiwa ni fomu ya kawaida. Labda SACCO hawakujali kuuliza. Na liko la tatu, naliandika kwa shingo upande: wapo wanaume wanaompeleka mwanamke mwingine mbele ya afisa wa mikopo, akasaini kama mke. Simtuhumu mumeo. Huenda pia ni ploti nyingine kabisa, aliyoinunua kimya kimya akitaka siku moja akushangaze, biashara ikamgeuka. Nimeyaona yote haya kwenye barua zenu.

Sasa huo mchezo. Mpwa wangu anaucheza, basi nikamwambia anikalishe mbele yake anionyeshe, maana sipendi kushauri juu ya kitu nisichokijua. Umetengenezwa na kampuni ya Digital Extremes ya London, ile London ya Kanada, na umekuwapo tangu 2013. Kuingia ni bure. Mnakwenda wanne kwa pamoja, mnapigana, mnaokota vipande vya silaha na mavazi, mnarudi kuviunganisha, kisha mnakwenda kutafuta vingine. Nilichokitazama zaidi ni hiki: mmoja wao akiangushwa, sekunde zinaanza kuhesabika, na mwenzake inabidi akimbie mpaka alipo, ashikilie kitufe hadi ainuke. Mpwa wangu aliangushwa mara kadhaa nikiwa nimeketi pale. Kila mara alikuja mtu asiyemjua, akamwinua, wakaendelea bila neno.

Hilo la hosti si uongo. Mara nyingi safari ya hao wanne inaendeshwa kupitia kompyuta na intaneti ya mmoja wao, na akitoka ghafla mchezo unahamia kwa mwingine, wakati mwingine ukiwakatikia njiani na walichokusanya kikapotea. Siku ulipoficha rauta uliwaadhibu watu watatu wa nchi nyingine ambao hawajakukosea. Tena wakiwa wanne mchezo hausimamishwi; unasimama tu mtu akicheza peke yake. Lakini asikudanganye kwamba hakuna mlango wa kutokea. Safari nyingi ni za dakika chache. Hata zile zisizo na mwisho zina pa kutokea: kwenye ile ya kuvumilia mashambulizi, kwa mfano, zawadi hutoka kila baada ya dakika tano, na dakika tano za kwanza zikipita mtu anaweza kuondoka na alichokipata. Wachezaji wengi huhesabu hadi ishirini kwa sababu mzunguko wa zawadi unakamilika hapo. Kwa hiyo usimwite katikati. Mwambie, "ukimaliza hii, njoo." Akikujibu hivyo hivyo saa nzima baadaye, ujue si hosti tena anayemshika. Na ukimwona macho hadi saa tisa usiku, mpwa wangu anasema saa hiyo ndiyo siku ya mchezo inapobadilika, zawadi ya kuingia inakuwa mpya. Hiyo haina dharura yoyote. Anaweza kuichukua asubuhi akipiga mswaki.

Usikimbilie pia kudhani kwamba mkopo umeliwa na mchezo. Kuna sarafu ya humo ndani inayoitwa Platinum. Inanunuliwa kwa pesa halisi, lakini pia mchezaji anaweza kuipata kwa kuwauzia wenzake vipande alivyookota, na wako wanaocheza miaka bila kutoa shilingi. Mtego uko kwenye punguzo: siku nyingine ukiingia unaambiwa leo Platinum ni pungufu kwa asilimia 75, na mtu mzima anayejua bei ya kontena hadi shilingi ya mwisho anaona akiikosa amepata hasara. Muulize waziwazi, akufungulie historia ya malipo muione wote. Na akikuambia vitu vyake vya humo ni akiba ya kuuza siku ya shida, mjulishe kwamba sheria za mchezo zinakataza kuviuza kwa pesa halisi. Bando ndilo gharama isiyokwepeka, na tangu Julai 2021 data ina ushuru wa asilimia 12. Hata hivyo mtu hawekewi notisi ya SACCO kwa ajili ya bando.

Mwanamke wa Mombasa umemtaja kwa maneno mawili ukaruka, ila nimemwona. Mwanangu, mtu mwenye jambo la kuficha na mwanamke hazungumzi naye mbele ya wanaume wawili, sebuleni kwa mkewe, kwa sauti inayofika chumbani. Usimweke kwenye mazungumzo yenu. Ukimtaja tu, yeye ndiye atakayezungumziwa hadi asubuhi, na ploti itasahaulika.

Linalokuuma hasa ni kwamba aliwaambia wao kwanza. Hapo una haki ya kuumia, sikunyang'anyi. Lakini wewe unakaa Malaba. Umewaona madereva kwenye foleni ya malori usiku, wanavyosimuliana mambo ya nyumba zao ambayo wake zao hawajawahi kuyasikia, kwa kuwa kesho huyu yuko njiani kwenda Kigali na yule Juba. Hasemi kwao kwa sababu anawapenda kuliko wewe. Anasema kwa sababu wakimwona mjinga hapotezi kitu. Mbele yako anapoteza. Wanaume wengi tuliowalea huku hulegea ulimi wakiwa bega kwa bega, macho na mikono yakiwa na kazi nyingine, na mumeo amepata hilo kwenye kioo. Ukimwondolea hiyo kompyuta leo, umefunga mahali pekee anaposema ukweli kabla hujajua ukweli wenyewe. Nawe ulipojifanya umelala ulifanya alichokifanya yeye, kwa hiyo asiwepo wa kumnyooshea mwenzake kidole kirefu.

Kaka yake usimwite. Mume aliyeshindwa kumwambia mkewe, ukimvua nguo mbele ya kaka na wazee, ataapa kwamba hakuna mkopo, na ukishaapiwa hivyo kumtoa hapo ni kazi. Wazee wana siku yao, baada ya nyinyi wawili.

Chagua saa ambayo hajawasha mashine na simu ya kazini imetulia. Mpe kitu cha kufanya mikono, akusaidie hata kumenya ndizi. Kisha mwambie kile kile ulichosikia: "Baba watoto, usiku ule nilikusikia ukisema ploti inaenda. Ni ploti ipi?" Halafu nyamaza. Usiongeze "wewe na mchezo wako". Usiulize kwa nini hakukuambia, hilo litakuja lenyewe siku nyingine. Kimya chake kinaweza kuwa kirefu, kivumilie.

Akisema ni ploti nyingine, basi ni hasara, siyo msiba. Mwende SACCO mapema kabla ya tarehe, mkaombe kupangiwa malipo upya. Anayekuja kabla husikilizwa kuliko anayetafutwa. Uliza majina ya wadhamini, kwa kuwa asipolipa watakatwa wao, na mdhamini aliyekatwa akiba yake ndiye atakayewaletea kelele mlangoni kabla ya SACCO.

Akisema ni hiyo mliyojenga, omba kuiona fomu ya ridhaa na sahihi iliyopo. Ikiwa ni yako, mjadili deni kama deni lenu. Ikiwa siyo yako, usitie sahihi karatasi yoyote mpya siku hiyo, hata afisa akikuchekea na kusema ni ya kurekebisha faili tu. Ondoka na nakala. Mpelekee mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji, ajue, kisha watafute wanasheria wanawake wa FIDA Uganda, ambao husaidia wanawake katika mambo kama haya. Nenda na cheti cha ndoa kama mnacho, na risiti zozote za mabati na saruji zenye jina lako.