Wazazi wakifuatana, msimzike mama ndani ya msiba wa baba

Pole sana ndugu yangu. Umeandika kwamba baba alitangulia, mama akafuata baada ya wiki tatu, na sasa wadogo zako wanataka kila kitu kifanywe kwa pamoja: ibada moja ya kumbukumbu, kaburi moja pana la kujengea wote, picha moja ya ndoa yao ukutani. Wewe moyo unakataa, ila unashindwa kuwaambia kwa nini. Nasi tuliwahi kuumeza msiba wa pili ndani ya wa kwanza, na ilituchukua miaka miwili kurekebisha. Ngoja nikusimulie.

Mimi na dada zangu tulilelewa na babu na bibi, wazazi wa mama, kijijini upande wa Mvumi, wilaya ya Chamwino. Babu alifariki Agosti 2016, zabibu zikiwa zimeiva shambani. Bibi alikwenda siku ya kumi na moja. Huku kwetu zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na kwa miaka yote niliyokaa nao kishada cha kwanza cha kila msimu hakikuuzwa. Babu alikiweka ndani ya kofia yake akamletea Bibi jikoni, na Bibi alikula punje moja moja, amesimama, bila kusema neno. Kwa hiyo watu waliposema walipendana, walisema kweli.

Lakini neno lililotawala ule msiba wa pili lilikuwa hili: "Amemfuata mzee wake." Kila aliyekuja alilisema. Lilitufariji, tukaegemea hapo hapo. Turubai la msiba wa kwanza lilikuwa bado halijarudishwa, sufuria zilikuwa zile zile, watu wamechoka, michango imekwisha. Wasifu wa Babu ulikuwa kurasa mbili: uenyekiti wa kijiji, uzee wa kanisa, shamba la zabibu, vijana aliowasomesha. Wa Bibi niliuandika mimi, kwenye simu, ndani ya gari nikitoka Dodoma mjini. Alizaliwa, akaolewa, akajaliwa watoto saba, akamfuata mumewe. Haukujaa hata nusu ukurasa. Niliusoma mbele za watu kwa sauti kubwa na nikarudi kuketi nikidhani nimemaliza kazi.

Bibi yangu alikuwa mkunga wa jadi. Hilo halikuwamo.

Mwaka 1971, ilipokuja Operesheni Dodoma na watu wakahamishiwa vijijini, aliondoka kwenye tembe lao na mtoto mgongoni na jiwe la kusagia kichwani. Babu alimwambia aliache, watarudi kulichukua. Alikataa. Akalibeba mpaka makazi mapya, na jioni ile ile akasaga uwele, wenzake waliokuwa hawana pa kusagia wakaja kupanga foleni. Nalo halikuwamo. Mama yake alipona njaa kubwa ya Ugogo, ile wazee wanayoiita Mtunya, iliyokuja baada ya vita vya Wajerumani na Waingereza kumaliza ng'ombe na chakula cha watu. Bibi alikuwa na habari zake nyingi, na tulizirekodi kwa dakika chache tu, tena kwa bahati, mdogo wangu alipokuwa akijaribu simu mpya. Ndani ya rekodi ile mnasikika kuku kuliko Bibi.

Niseme na jambo jingine, kwa wale ambao bado wamebaki na mmoja. Bibi alikuwa na presha na alimeza dawa kila asubuhi; Babu ndiye aliyemkumbusha. Babu alipofariki, Bibi alikaa kwenye mkeka na akinamama wenzake, na mamia ya watu wakampa mkono. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza kama amemeza dawa. Siku walipomwosha, mama mdogo alikuta fundo kwenye pindo la kanga yake. Ndani yake vidonge, amevifunga vizuri ndani ya kipande cha karatasi ya daftari. Tulivihesabu: vilikuwa kumi. Madaktari wana jina la moyo unaolemewa na majonzi ya ghafla, takotsubo, walilolitoa kwa Wajapani, kwa sababu moyo huvimba ukafanana na chungu cha kutegea pweza. Huwapata zaidi wanawake waliopita umri wa kuzaa. Inawezekana Bibi alipatwa na hilo. Lakini vile vidonge kumi vilikuwa juu yetu. Mwenye mjane au mgane ndani, mteueni mtu mmoja, mmoja tu, asipike wala asipokee wageni. Kazi yake iwe dawa, maji, uji na usingizi wa huyo mfiwa, na asiondoke baada ya matanga kuanuliwa, kwa sababu hapo nyumba inakuwa kimya na ndipo hatari inapoanza.

Sasa tulivyorekebisha. Mwaka 2018 tulikwenda kujengea makaburi. Fundi alipendekeza zege moja kwa wote wawili, ni nafuu ya saruji. Mama yangu, ambaye si msemaji, alisema hapana, yawe mawili, na mama yake awe na ibada yake, siku yake. Wajomba walinung'unika kuhusu gharama. Tulipunguza chakula, tukafanya ugali, mlenda na maharage, basi.

Siku hiyo hatukusoma wasifu. Bibi mmoja jirani, rika lake, aliomba ruhusa kwa mchungaji, akasimama na fimbo yake na kusema, "Aliyepokelewa na mikono ya huyu mama asimame." Pakawa kimya kidogo. Akasimama mama mmoja na mtoto wake. Wakasimama vijana wa bodaboda waliokuwa wamekaa kando. Nilihesabu hadi thelathini na kitu nikapoteza hesabu, kwa sababu na mimi ilibidi nisimame. Fundi naye alisimama, saruji ikiwa bado imemkauka mikononi. Alikuwa amejenga kaburi la Babu na la Bibi kwa siku nne na hakuna aliyemwambia analijenga la nani, na yeye hakutuambia kwamba alimjua.

Nililia kuliko nilivyolia 2016. Niliwalilia wote wawili, lakini kwa mara ya kwanza nilimlilia Bibi peke yake.

Kuhusu mambo ya ofisini sitasema mengi: kila mmoja alipata cheti chake cha kifo, na mirathi ya kila mmoja ilifunguliwa peke yake mahakama ya mwanzo. Hata serikali iliwahesabu wawili.

Wadogo zako si wabaya. Wamechoka, na uchovu wa misiba miwili ninaujua. Waambie picha ya ndoa ibaki ukutani, ila kando yake iwepo ya mama akiwa peke yake, hata kama ni ya kitambulisho. Ibada mnaweza kuzitenganisha kwa miezi, si lazima mwaka huu. Na wasifu msimwandikie mtu mmoja ndani ya gari.

Umesema mama alikuwa na meza ya karanga Soko la Majengo zaidi ya miaka ishirini. Nenda pale Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, uwatafute waliokaa naye meza jirani. Chukua kiti, washa simu irekodi, waache waongee.