Ukipewa sini (onyesho) moja tu

Vijana wanaotaka kuigiza huniuliza watapataje nafasi ya mhusika mkuu. Mimi nimeishi kwa nafasi ndogo kwenye tamthilia na filamu, kwa hiyo huwaambia wamtazame mwigizaji wa Marekani Viola Davis ndani ya Doubt, filamu ya mwaka 2008. Anatokea kwa dakika chache mno, mama wa mwanafunzi anayezungumza na mkuu wa shule, anayeigizwa na Meryl Streep. Dakika hizo zilitosha kumwingiza kwenye kinyang'anyiro cha Oscar cha mwigizaji bora msaidizi wa kike.

Wengi husifu machozi yake. Mimi nadhani machozi si kitu pale. Mama yule amekuja na haja: mwanawe abaki shuleni mpaka Juni, amalize. Kila anachoambiwa anakipima kwa haja hiyo, hata anapoambiwa jambo ambalo mzazi mwingine angelipigia yowe. Ndiyo maana huwezi kumwondolea macho.

Basi kabla ya kukariri mistari, mimi hujiuliza: huyu mtu anataka nini kwa aliye mbele yake, na akikikosa itakuwaje? Hata kama ni mhudumu anayeleta bili. Huomba skripti nzima, si kurasa zangu tu. Kwenye tamthilia mara nyingi utapewa karatasi asubuhi ileile. Hapo muulize muongozaji: nimetoka wapi, na nimefuata nini? Muongozaji mzuri hakasiriki kwa swali hilo.

Televisheni ina mtihani wake. Sini hazipigwi kwa mpangilio wa hadithi: asubuhi unazika mume, mchana unachumbiwa naye. Kuwa na daftari. Andika mhusika anajua nini kufikia sini hiyo, na nini bado hajakijua. Usimtegemee mtu wa muendelezo. Yeye anaangalia nguo na nywele zako, moyo ni kazi yako.

Davis alipoingia kwenye tamthilia ya televisheni How to Get Away with Murder mwaka 2014, alitaka mhusika wake avue wigi na kufuta vipodozi mbele ya kamera, kama mwanamke yeyote anavyofanya akirudi chumbani. Mwaka uliofuata akawa mwanamke mweusi wa kwanza kushinda Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, ya mwigizaji mkuu wa kike wa tamthilia. Lakini usikimbilie kudai mabadiliko siku yako ya kwanza kazini! Yeye tayari alikuwa na tuzo mbili za Tony, za michezo ya jukwaani, ya pili kwa Fences mwaka 2010, uhusika uleule uliompa Oscar mwaka 2017 kwenye filamu.

Jambo lingine ambalo halionekani kwenye skrini: kamera ikimgeukia mwenzako, usimsomee mistari huku unachezea simu. Mpe machozi yaleyale, hasira ileile, ingawa hakuna anayekurekodi. Nimewahi kuitwa tena kazini kwa sababu mhusika mkuu alisema anataka kucheza na mimi.