Jibu: Kumwita binti Nakato wakati sisi si Waganda

Dada umeuliza kama ni vibaya kumwita mtoto Nakato maana mnalipenda tu, ila ni jina la Waganda, watu wa Buganda, na nyie kwenu ni Mbale, mashariki mwa Uganda, mi naona shida si kabila, shida ni hilo jina lenyewe! Nakato ni pacha wa kike aliyezaliwa wa pili, wa kwanza ni Babirye, kwa hiyo kila mtu atauliza Babirye yuko wapi na wewe wataanza kukuita Nnalongo, yaani mama wa mapacha, bure. Jirani yangu alifanya hivyo hivyo, siku ya chanjo nesi kaita Nakato, bibi mmoja pale kwenye benchi akamshika mama mkono akamwambia pole mwanangu, alidhani pacha mwenzake Nakato amefariki, mama wa watu hata hakujua ajibu nini.

Na usikimbilie Akello, hilo huku kaskazini kwa Waacholi na Walango ni la anayefuata mapacha. Majina mengine ya Waganda nayo ni ya ukoo, mtu akisikia tu anajua mtoto ni wa nani, wazee watakuuliza maswali.

Kama mnataka la nje kweli, tafuteni mpaako, lile jina la heshima na upendo la Watooro na Wanyoro wa magharibi, Akiiki au Abwooli hivi, kule hata mgeni wanampa kwa moyo mmoja. Mi mume wangu ni wa Fort Portal, huko kwa Watooro, mama mkwe alinipa Adyeri siku ya kwanza tu, hata chai sijamaliza. Ila muombe mwenyeji awape, msijichukulie. Halafu bibi wa mtoto upande wenu mmemuuliza?