Sarafu Itakayovuka Ziwa

Mhariri,

Mmeuliza wiki hii ni ipi itakayopokewa na wananchi wengi, sarafu ya kidijitali ya benki kuu, yaani pesa ya kielektroniki inayotolewa na benki kuu yenyewe, au sarafu huru ya mtandaoni kama Bitcoin. Nikijibu kutoka Kigoma, naamini itapokewa ile itakayofanya kazi ambayo pesa za simu hazijaimaliza.

Ndani ya nchi kazi hiyo ni ndogo. Tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, mchuuzi wa dagaa wa Kibirizi amezoea kupokea malipo kutoka Dar es Salaam kwa simu ya kitochi, na akihitaji taslimu humwendea wakala. Shilingi ya kidijitali itakayorudia huduma hiyohiyo itapatwa na yaliyoipata eNaira, sarafu ya kidijitali ya benki kuu ya Nigeria. Ilizinduliwa Oktoba 2021, na mwaka 2023 utafiti wa Shirika la Fedha la Kimataifa ulionyesha kwamba katika wiki yoyote ile asilimia 98.5 ya pochi zake za kielektroniki hazikutumika hata mara moja. Haikukosa nguvu ya serikali. Watu hawakuona sababu ya kuacha walichokizoea.

Bitcoin haina benki inayoimiliki, na idadi yake haiwezi kuzidi milioni 21. Sifa hizo naziheshimu, hasa nikimfikiria mtu ambaye serikali yake inachapa noti ovyo. Lakini aliyeuza shehena ya mawese hawezi kuweka mtaji katika kitu kilichokaribia dola 69,000 Novemba 2021, kisha kikashuka chini ya 17,000 mwaka mmoja baadaye. Na akipoteza funguo zake za siri, yaani namba za kufungulia sarafu zake, hana wa kumlalamikia. El Salvador iliifanya fedha halali Septemba 2021, ikampa bitcoin ya dola 30 kila raia aliyejiunga na pochi ya serikali, na hata hivyo mwaka 2025 ililiondoa sharti la wafanyabiashara kuipokea.

Kazi iliyobaki iko ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Kongo na Burundi. Wanunuzi wa Kalemie, Uvira na Bujumbura huja na dola au faranga, na kila mara fedha inapobadilishwa, thamani yake hupungua kidogo mikononi mwa wabadilishaji. Benki Kuu yetu ilisema Januari 2023 kwamba italiendea suala la sarafu yake ya kidijitali hatua kwa hatua na kwa tahadhari. Tahadhari hiyo naiunga mkono kwa moyo wote, ila naiomba ianzie hapa mpakani, kwa makubaliano na benki kuu za Burundi na Kongo, wanachama wenzetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na sarafu yenyewe itumike hata kwenye kitochi kisicho na intaneti. Zaidi ya yote, sheria ieleze nani ataruhusiwa kuona miamala ya mtu na kwa amri ya nani. Sheria isipolisema hilo waziwazi, wafanyabiashara watashika noti zao, kama wengi walivyofanya Julai 2021 tozo ya miamala ya simu ilipoanza.